Kaseti Iliyochomwa Pamoja na Hirizi

Kaseti ya kaka yangu ilijikunja motoni katikati ya hirizi za watu waliookoka, naye amesimama uani kwa kanisa analia. Aliyeitupa ni baba yetu mdogo, mzee wa kanisa hapa Mlandege. Alisema magitaa yale ya roki ni ya shetani. Kaka aliinunua kwa kibarua cha kubeba viazi. Baada ya moto ule akaenda zake Mbeya, akapanda treni ya Zambia, hajarudi. Mama amekufa anamuulizia.

Jana nimemkuta baba mdogo sebuleni, simu yake inapiga albamu ile ile ya kaseti aliyoichoma.

“Kaa usikilize, mwanangu. Hawa jamaa walijua kupiga!”

Nimechoka kunyamaza. Baba mdogo, kaka yangu ulimfukuzia nini? Nijibu sasa, kabla na wewe hujafa.