Salamu Niliyomnyima Fundi

Kuna asubuhi moja naikumbuka, mwanangu, na mpaka leo nikiiwaza nashusha pumzi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameshaingia Bariadi, na mmoja wao akajenga kinu cha kuchambulia pamba, akaleta Wachina wawili: bosi kijana wa kusimamia, na fundi mzee wa kufunga mitambo. Mimi nilikuwa binti wa kutenga pamba fifi, ile chafu, kwa mkono, vumbi mpaka kwenye kope.

Bosi alikuwa na Kiswahili cha kubahatisha. Alinifundisha salamu ya asubuhi ya kwao, zaoshang hao, nikaishika upesi, maana mdomo wangu haujawahi kuwa mzito. Kila nikiingia namkunjia goti kama tufanyavyo Wasukuma, namsalimu, anacheka, nami nimevimba kichwa. Fundi alikuwa palepale pembeni, mikono imejaa grisi. Nilimpita tu. Nilijiambia mwenye kazi ni bosi, huyu mwingine ni wa spana.

Msimu ulipokaribia kuisha, ikatangazwa kwamba watu wanne watabaki wafundishwe mashine. Wengine wote nyumbani. Baba yangu alikuwa anaumwa mgongo, halimi tena, na wadogo zangu walikula kwa kazi ile. Nilikuwa na uhakika nimo. Bosi akanieleza, kwa upole, kwamba anayechagua ni fundi, na fundi hanitaki.

Jioni nikamlalamikia shangazi, dada mkubwa wa baba, niliyekuwa nakaa kwake. Alikuwa anapepeta mchele. Akaniuliza kati ya wale wawili mkubwa ni nani. Nikasema fundi, ana mvi kichwa kizima. Akaweka ungo chini.

"Kumbe unampigia goti mtoto, mzee wake unamruka? Hapa nyumbani kukicha, salamu ya mwangaluka unaanza kumpa nani? Umetuaibisha, binti."

Masikio yaliniwaka. Kesho yake nikamwomba bosi anifundishe kumsalimu mzee vizuri. Akasema zaoshang hao mzee anaielewa, ila yeye ni mtu wa kusini mwa China, na kwao kukicha wanaambiana jou san. Hilo halikunisumbua kulielewa. Mimi mwenyewe kazini naitikia habari za asubuhi, lakini anayeniambia mwangaluka ndiye ananikumbusha mama.

Nikaenda alipokaa, nikapiga goti mpaka chini, gauni likaingia kwenye grisi. "Jou san, mzee."

Aliweka spana chini. Kisha akafuta mikono kwa kitambaa, akainamisha kichwa, akaitikia taratibu, "Jou san." Halafu akasema maneno mengi, na bosi akanitafsiria: "Anasema alifikiri unamdharau. Mtu wa dharau atadharau na mkanda wa mashine, umkate mkono. Njoo kesho, akuangalie kazi."

Niliangaliwa siku tatu, mwanangu, nikapata nafasi ya nne. Nililia hadharani kwa nafuu, na sikujali nani ananiona. Baba akaendelea kutibiwa, wadogo zangu wakaendelea kula. Na mzee yule nilimsalimu kila asubuhi mpaka alipoondoka. Sikufichi, mara ya kwanza nilienda kwa sababu ya shida yangu. Zilizofuata nilimpa kwa sababu nilikuwa nimeona uso wake ukifunguka, mtu aliyekaa miezi kati yetu bila kusalimiwa kwa lugha ya mama yake, hata na bosi wake.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiingia mahali, usitafute kwanza nani ana cheo. Tafuta aliyekutangulia kuzaliwa, umsalimu, na kama ni mgeni, uliza kwao wanasemaje kukicha, ujifunze hata neno moja. Usingoje mpaka uwe na shida naye, kama mimi.

Mungu akuamshe salama siku zote, mwanangu, na popote utakapokuwa mgeni, akupe mtu wa kukwambia mwangaluka.