Bingwa wa Kivukoni Busisi

Mpeperusha bendera wa mbio za magari za Kanda ya Ziwa alikuwa na mikono mirefu iliyofika kabla yake kila alikokwenda. Bendera yake ya mirabaraba aliinyoosha kila asubuhi kwa pasi ya mkaa, na kabla ya kuiinua alilamba kidole kupima upepo, hata akiwa sebuleni. Mwaka ule kampuni ya minofu ya sangara iliyodhamini mbio ikafilisika, magari yakapigwa mnada, msimu ukakatika bila bingwa. Wenzake wakarudi kulima pamba. Yeye akakosa usingizi. "Msimu hauachwi wazi kama choo kisicho na mlango!" alisema, kwa sauti ambayo hakuipunguza hata msibani.

Basi akaenda kusimama Busisi, pale kivuko kinapotia nanga, ambapo abiria hushuka kwa miguu mbele ya magari, tena mbio, ili wawahi viti vya basi. Kivuko kikagusa nchi kavu, watu wakatimka, na aliyewaacha wote, malori yakiwemo, ni mama mmoja aitwaye Ng'washi, kuku kwapani. Bendera ikashuka puu!

"Nimekosa nini, baba?"

"Umeshinda!" Kisha akakunja uso, maana kwenye haki hakuwa na mchezo. "Hapana. Kuku alitanguliza shingo. Bingwa ni kuku."

Akampigia kuku saluti, machozi yakimlengalenga. Ng'washi akamtazama bingwa, akalitazama basi likijaa.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "wakwe zangu wameshabandika maji ya kumnyonyolea."