Marehemu Aliyejibu Maswali

Mhariri amenisumbua wiki mbili ati niandike kisa cha chuo, na mimi sipendi kukisimulia. Basi kisomeni mara moja, msiniulize tena.

Kijana anayesomea shahada ya pili ya ualimu alikuwa akitafiti kwa nini wasichana wa zamani huku Nyeri waliachwa nyuma na shule. Mwalimu wake aliniita ofisini nithibitishe majibu ya dada yangu mkubwa.

"Huyo tulimzika miaka sita iliyopita," nikasema.

Kijana akaanza kukunja kona ya karatasi. "Nisamehe, Cucu," akasema, akiniita bibi kwa Kikuyu. "Nilichoka kutembea. Jina nilitoa kwa programu ya mazishi, majibu nikatunga."

"Nisomee hayo majibu."

Akasoma polepole: "Tulikuwa na gauni moja la shule, mimi na mdogo wangu. Tulilivaa kwa zamu. Siku moja nikamwachia kabisa, naye hakufika hata darasa la nne."

Mdogo huyo ni mimi. Hatukumwambia mtu, hata mama alikufa akidhani dada alikuwa mvivu tu.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna, Cucu. Yalinijia tu nikiandika."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, asiivae tena.

Wasomi husema wanatafuta sauti za waliosahauliwa. Hii haikungoja kutafutwa.

Kosa hilo lilimgharimu kijana mwaka mzima. Kazi yote ilifutwa, akaanza upya nyumba kwa nyumba, na kila bibi anayemhoji lazima apige naye picha, macho ya bibi yakiwa wazi.