Kichwa cha Mlangoni

Kama kuna kitu Hariri alikichukia hapa duniani, ni ile picha. Ilitundikwa mlangoni mwa saluni ya shangazi yake, pana kama meza: msichana amegeuza shingo, nywele zimelala mabegani zinang'aa, anatabasamu utadhani hajawahi kuumwa hata jino. Msichana huyo alikuwa yeye. Wateja waliinyooshea kidole wakisema, "Nataka ziwe kama za huyu," na Shangazi anajibu kwa maringo, "Mtoto wa kaka yangu huyo. Kichwa hicho nimekitengeneza mwenyewe." Jina la Hariri alipewa na wateja haohao, likamganda.

Baba yake alipofariki, Shangazi alimchukua Hariri akiwa bado mdogo, kichwani ana nywele zake za kipilipili kizito. Hata hajazoea kitanda, akakalishwa kwenye kiti na kupakwa dawa ya kulainisha nywele. "Kwa kichwa hicho utanifukuzia wateja," Shangazi alimwambia. Kuanzia hapo mizizi ikichomoza tu, kitini. Ikiwasha, jikaze. Basi mtoto wa watu akajikaza mpaka akawa mtu mzima, akafundishwa kazi, akawa ndiye mkono wa kulia wa Shangazi. Alilala chumba cha nyuma, katikati ya makopo ya dawa, na aliahidiwa kwamba Shangazi akichoka, saluni yote ni yake. Shangazi mwenyewe, hilo nalo mlijue, hakuna aliyewahi kumwona bila kilemba. Alisema mwenye saluni lazima ajiheshimu.

Sasa sikieni. Hata anayejifunza kazi leo anajua kwamba kabla ya kufungua kopo la dawa unaangalia ndoo kama zina maji. Siku hiyo Shangazi alikuwa amenogewa na umbea pamoja na mteja wake mkubwa, karani wa mahakama, akampaka Hariri dawa bila kuangalia kitu. Kufungua bomba, bomba linakoroma tu. Ndoo tupu. Hariri akaanza kupiga kelele kwamba anaungua, na Shangazi akampangusa kwa taulo huku akimfinya bega: "Nyamaza! Unaniaibisha mbele ya watu." Maji yalipopatikana kwa jirani, ngozi ya nyuma ya sikio ilikuwa imeshabanduka.

"Litapona," Shangazi alisema. "Laza nywele upande huu, nani ataona?"

Kweli, hakuna aliyeona. Lakini Hariri alikuwa amefika mwisho. Hakukubali kupakwa tena.

Mizizi ikaota. Juu kipilipili, chini nywele za dawa, na pale zinapokutana ndipo zilipokatika, ukichana tu unabaki nazo kwenye kitana. Lilikuwa jambo la kuudhi na halikupendeza, tusidanganyane. Ila akiwa peke yake aliingiza vidole kwenye ile mizizi akaona raha, ilikuwa minene, na ilikuwa yake.

Shangazi hakumwacha apumue. "Una msiba? Unaumwa? Au ndiyo unataka kunifilisi?" Karani naye, bila kuulizwa: "Jamani, Hariri siku hizi tumwite Katani!" Saluni nzima ikavunjika mbavu. Hariri aliendelea kuwaosha vichwa, ila karani alimwosha kwa maji ya baridi kidogo.

Jumamosi moja, viti vimejaa, Shangazi akavaa glavu na kuvuta kiti cha katikati.

"Kaa."

"Shangazi, nilishasema sitaki."

"Sikukuuliza unataka nini. Mtu akiiangalia picha pale mlangoni halafu akakuangalia wewe, ananiona mimi tapeli. Kaa, la sivyo fungasha virago vyako leoleo."

Watu wote wakageuka. Hariri akafikiria kile chumba cha nyuma, akafikiria saluni aliyoahidiwa, akajiuliza usiku ataweka wapi ubavu. Akakaa. Shangazi akatabasamu kwa ushindi, akaanza kumpaka mafuta kwenye kipaji cha uso ili dawa isimchome. Kisha akafungua kopo. Ile harufu ilipomfikia Hariri, mkono wake wenyewe ukaenda nyuma ya sikio kwenye kovu. Halafu ukaenda kwenye sinia la vifaa, ukarudi na mkasi.

Alikata palepale kipilipili kinapoishia. Fungu la kwanza, la pili, yote yakianguka mapajani.

"Wewe! Wewe mtoto! Unakata nywele zangu!"

Hakusema zako. Alisema zangu, tena kwa sauti, na hakuna aliyecheka.

"Kama ni zako, chukua." Hariri akazikusanya zote na kumwekea mkononi, juu ya glavu.

"Toka! Kichwa kama brashi ya kusugulia sufuria! Nani atakupa kazi?"

Akatoka na begi moja. Fundi cherehani wa mtaa wa pili alimpa pembe ya kulala, kwa shingo upande, maana Shangazi alikuwa mteja wake na hakutaka maneno. Kazi alitafuta saluni baada ya saluni, na kila alipoingia walimtazama kichwani kabla hajatoa salamu.

Mwishowe akarudi kwa Shangazi kuchukua mkasi na vitana vyake, maana hivyo alivinunua mwenyewe. Alipofika mlangoni akasimama. Picha ilikuwa imeondolewa. Ndani, Shangazi alikuwa hana kilemba. Nywele zilimlala mabegani, zinang'aa, na kwenye ncha zilikuwa na ule wekundu wa rangi ambayo Shangazi aliwahi kuijaribia kichwani kwa Hariri, ikagoma kutoka. Zilikuwa zimeshonewa kichwani vizuri, kazi ya fundi. Hariri akasikia hasira.

"Nataka kama hizi," mteja mgeni alikuwa akisema.

"Za kwangu mwenyewe, mama, ni dawa yangu hii tu. Shika, shika uone."

Mteja akanyoosha mkono. Hapo ndipo Shangazi alipomwona Hariri kwenye kioo, mdomo ukabaki wazi. Hariri akaingia, akachukua mkasi wake siniani, akachukua na vitana vyake, wala hakuharakisha.

"Zishike taratibu, mama," akamwambia yule mteja. "Zinakatika hizo. Mimi nazijua."

Akatoka. Mteja akaurudisha mkono wake, akamgeukia Shangazi.

"Huyu amezijuaje?"

Shangazi alikuwa anatafuta kilemba.