Mwenye Ripoti Hii Hapatikani

Mwenzangu wa meza ya jirani alifariki ghafla. Moyo wake ulisimama akiwa nyumbani kwake Kibuli, asubuhi, akijiandaa kuja kazini. Akazikwa siku ileile, kama ilivyo desturi ya Waislamu. Wanaume walipoondoka na jeneza, mimi nilibaki ndani na wanawake, nimekaa mkekani, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni. Mjane wake alikuwa pembeni, amefunikwa shuka. Sikujua la kumwambia zaidi ya pole.

Tulifanya kazi pamoja katika shirika dogo hapo Mengo, linalopima maji ya chemchemi na visima ambavyo watu wasio na bomba wanavitegemea. Yeye alitengeneza ripoti. Mimi nilipanga slaidi na kusimama mbele ya watu kuzieleza. Wote wawili tulikulia kwenye kota za polisi, mimi binti wa askari kutoka kaskazini, yeye, wa kota za Kibuli, mjukuu wa wanajeshi wa Kinubi, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Ofisi nzima ilikuwa ya Kiingereza na Kiganda. Wenzetu wakitusikia walidhani tunaamrishana, maana hapa Kampala watu wengi Kiswahili walikijulia kwa askari. Kumbe tunaulizana tu kama chai ipo.

Ripoti aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ramani. Wapimaji walitembea na chupa zao, wakapima maji, wakatuma majibu kwa simu, na ramani ikajibadilisha yenyewe: nukta ya kijani kwa maji salama, nyekundu kwa maji machafu. Mimi zamani nilikuwa napiga picha ya ramani na kuibandika kwenye slaidi. Yeye hakutaka kabisa.

"Picha ni ya jana," aliniambia. "Watu wanakunywa leo."

Akaipachika ripoti hai ndani ya slaidi, ili kila nikiifungua mbele ya watu ijivutie majibu mapya. Ilitusumbua mwanzoni. Mara ikatwe chini, mara ionekane ndogo kama stempu, mara idai paswadi katikati ya mkutano. Kila mara aliinama juu ya kompyuta yangu akiimba kwa pua, mpaka ikakaa sawa.

Wiki kadhaa baada ya mazishi tulikuwa na mkutano wa kamati za maji kwenye ukumbi mmoja kule Kyambogo. Siku moja kabla, asubuhi, nikafungua slaidi kuzikagua. Katika sehemu ya kuhariri, ramani ilionekana vizuri. Nilipobonyeza kuonyesha, ukurasa ukawa mweupe. Duara dogo lilizunguka katikati, likazunguka, kisha likapotea. Pakabaki fremu tupu.

Nilianza na lile linalomjia kila mtu: intaneti. Nikafungua kurasa nyingine, zikafunguka. Nikachomeka kebo badala ya kutegemea intaneti ya hewani. Ikabaki nyeupe. Nikatoka kwenye akaunti yangu, nikaingia upya. Nikafuta kumbukumbu za zamani zilizohifadhiwa na programu, maana aliwahi kunifundisha kwamba mashine hung'ang'ania mambo yaliyopita. Nikajaribu kompyuta ya mtu mwingine. Kote nyeupe. Hapo nikaelewa kwamba ile ramani niliyoiona kwenye sehemu ya kuhariri ilikuwa kivuli tu, picha ya mwisho iliyohifadhiwa alipokuwa bado hai. Nyuma yake hapakuwa na kitu.

Nikamwita fundi wetu wa kompyuta, Mganda mcheshi, ambaye hutuchekesha kwa Kiswahili chake.

"Lipoti imelala, nnyabo?" aliuliza akivuta kiti, akiniita bibie kwa Kiganda.

"Imelala, na haiamki."

Alichukua anwani ya ripoti ndani ya slaidi, akaifungua peke yake kwenye brauza. Safari hii haikuwa nyeupe. Maneno yalitokea, kwa Kiingereza kikavu cha mashine, yakisema kwamba mwenye ripoti hii hapatikani.

Fundi aliacha utani. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba ramani ile ilijengwa ndani ya akaunti ya marehemu, na yeye mwenyewe aliifunga akaunti hiyo baada ya mazishi, kama utaratibu unavyodai mtu anapoondoka kazini. Utaratibu huo hautofautishi aliyeacha kazi na aliyeacha dunia. Ilipofungwa, kila kilichoning'inia juu yake kilikatika.

"Inawezekana kurudi?" nikauliza.

"Ripoti inawezekana," alisema. "Nifungue akaunti yake kidogo, nikuandike wewe kama mwenyewe, halafu niifunge tena."

Tulikwenda kwa mkurugenzi, mama mmoja mtaratibu ambaye alimpenda sana marehemu. Alitusikiliza, akasema, "Fanyeni. Watu wa kamati wanakuja kuona hali ya maji yao." Hakuna kati yetu aliyefikiria zaidi ya hapo.

Fundi akaifungua akaunti. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikingojea kuona jina langu. Ghafla mhasibu, dada aliyekaa upande wa pili wa chumba, akasukuma kiti nyuma na kusimama.

"Bambi! Ayi Katonda wange!" alimwita Mungu wake kwa Kiganda.

Alikuwa anatazama orodha ya wafanyakazi kwenye skrini yake, ile tunayotumia kutumiana ujumbe. Jina la marehemu lilikuwa limerudi, na picha yake akitabasamu katika shati jeupe, moja ya yale aliyoyachagua mwenyewe kwenye soko la mitumba la Owino. Pembeni ya picha palikuwa na alama ya kijani. Yupo.

Kila mtu aliyekuwa chumbani alisogea kuangalia. Mhasibu alilia kimyakimya, mkono mdomoni. Mimi sikuweza kuondoa macho kwenye alama ile, ingawa nilijua vizuri kabisa jambo hilo limetokeaje.

Simu yangu ikaita. Alikuwa mjane wa marehemu.

"Dada," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Simu ya mume wangu inalia. Ujumbe unaingia mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza umeandikwa karibu tena. Nani anamkaribisha?"

Nikamwambia sio mtu, ni mashine, ni kazi tuliyokuwa tunairekebisha, tumefungua akaunti yake ya ofisini ambayo bado imo kwenye simu ile. Nikamwambia naja.

Alikuwa bado katika eda, hatoki nyumbani. Nilimkuta chumba cha mbele pamoja na mama mkwe wake, bibi mrefu mwembamba mwenye tasbihi mkononi. Simu ilikuwa juu ya kimeza kidogo, imechomekwa kwenye umeme. Nilivua viatu, nikapiga magoti kuwasalimu, nikakaa mkekani na kuanza kuomba radhi. Mjane aliniacha nimalize.

"Naichaji kila asubuhi," alisema. "Kuna watu hawajasikia. Wanampigia, nami nawaambia. Sitaki mtu adhani amempuuza." Alishusha macho. "Leo ilipoanza kulia vile, nilikuwa jikoni. Nikapaza sauti nikamwambia, pokea simu yako. Kwa kitambo kidogo, dada. Kidogo tu. Nilikuwa nimesahau."

Bibi alisema, "Inna lillahi," akasogeza tasbihi. Nilitaka kulia lakini niliona si haki yangu kulia kabla yao.

Baadaye mjane akaniuliza, "Ni kitu gani hicho alichokitengeneza, hata mkashindwa kwenda bila yeye?"

Laptopu ilikuwa kwenye mkoba. Fundi alikuwa amenitumia ujumbe njiani kwamba ripoti sasa ni yangu. Niliiweka juu ya kimeza, nikaunganisha intaneti ya simu yangu, nikafungua slaidi. Duara likazunguka. Niliogopa litapotea tena mbele yao. Kisha mitaa ikajichora polepole, na nukta zikatokea moja moja. Sehemu ya chini ilikuwa imekatwa, ule ugonjwa wake wa zamani, nami nikafanya kama alivyonifundisha: nikaiamuru ripoti ijikunje kulingana na fremu, ikaenea yote.

Mjane alisogea karibu. Hakuwahi kuiona. Alijua tu kwamba mumewe anafanya kazi ya maji na kompyuta. Alinyoosha kidole bila kugusa kioo, akauliza kila rangi maana yake, nikamwambia.

"Na hii?" akauliza bibi kutoka nyuma yetu. Sikujua kama alikuwa anatazama. "Pale bondeni, chini ya msikiti. Pale tunapochota. Ni rangi gani?"

Nikaikuza. "Nyekundu, jaja," nikamjibu bibi.

"Tangu lini?"

Nikarudisha majibu ya nyuma, moja baada ya jingine. Msimu wa mvua uliopita, nyekundu. Kiangazi, nyekundu.

Bibi aliacha kusogeza tasbihi. "Alinikataza kuchota pale," alisema. "Nikamwambia, wewe umenyweshwa maji yale tangu mtoto, leo umesoma ndiyo yanakunukia? Akawa ananiletea madumu ya maji ya bomba. Mimi siyagusi. Tuligombana, mwanangu. Hatukuwa tumemaliza."

Mjane alimshika mkono. "Alikuwa amekwisha kukusamehe, mama. Alikuwa anacheka akinisimulia."

"Alicheka?"

"Alisema, mama yangu angekuwa mkuu wa kituo."

Bibi alitoa sauti fulani, nusu kicheko, nusu kilio, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Tulikaa hivyo, sisi watatu mbele ya ramani, mpaka kioo kikajizima chenyewe.

Nilipokuwa naaga, mjane alinisindikiza mpaka mlangoni. "Mnaifunga tena?" aliuliza.

"Lazima. Tunangoja mkutano upite, tuone hakuna kingine kilichoning'inia."

"Mara ya kwanza mliifunga bila kuniambia. Nilidhani simu imeharibika. Safari hii nipigieni kwanza. Nataka niwepo."

Kesho yake Kyambogo ukumbi ulijaa. Slaidi zilifunguka, ramani ikaenea ukutani. Nilieleza niliyopaswa kueleza, mpaka nikafika kwenye bonde lile. Mwenyekiti wa kamati ya huko alisimama na kusema maji yale ni matamu, watu wameyanywa miaka yote. Nilimjibu kwamba najua wanayapenda, na kwamba mtu aliyeichora ramani hii alikuwa mtoto wa pale pale, alinyweshwa maji hayo, na alimkataza mama yake mzazi. Mwenyekiti aliitazama ramani ukutani. Akauliza inagharimu kiasi gani kuvuta bomba mpaka bondeni. Mjadala ukaanzia hapo, na haujaisha hadi leo. Bomba bado. Lakini wameweka uzio na maandishi, na akina mama wengi sasa huchota kwa kuogea na kufulia tu.

Alasiri tulirudi Mengo. Fundi akakaa kwenye kompyuta, mimi nikasimama nyuma yake na kumpigia mjane. Mkurugenzi alikuja kutoka ofisini kwake, akasimama karibu nasi.

"Subiri," mjane alisema. Nilimsikia akitembea, akifunga mlango, kisha sauti yake ikawa karibu zaidi. "Ninayo mkononi. Bado inaonyesha jina lake."

"Ukiwa tayari," nikasema.

Nilisikia akinong'ona kitu, nadhani ni dua. Nikamwona fundi ameondoa kidole kabisa kwenye kitufe, ameweka mikono mapajani.

"Haya," alisema mjane. "Fungeni."

Nikamgusa fundi begani, naye akabonyeza. Kwenye orodha, picha ikatoweka na majina ya chini yakapanda kuziba nafasi.

"Imetoka," alisema mjane. Alivuta pumzi. "Dada, umekula leo?"

"Bado."

"Nenda ukale," akasema, na akakata simu.