Leleshwa Chini ya Godoro

Mwaka nilioposwa, paka wetu alizaa ndani ya sanduku langu la arusi.

Lilikuwa sanduku la mbao lenye mikanda ya bati, na Mama alikuwa ameanza kuniwekea humo vitu vya maisha: kanga, mito, na mashuka mawili aliyoyatarizi maua kwa mkono wake. Kifuniko kiliachwa wazi siku moja tu. Kesho yake asubuhi tukasikia vilio vyembamba, tukachungulia, tukamkuta amejinyoosha juu ya maua ya Mama, vitoto vinanyonya, naye anatutazama kama mwenye nyumba anavyowatazama wapangaji.

Mama alishika kichwa. Bibi akasema, "Mashallah," akaenda kumtafutia maziwa.

Tulikaa Bondeni, hapo Nakuru mjini, katika nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, na jiko lake uani. Baba alikuwa fundi cherehani. Bibi ndiye aliyemzaa Baba. Babu alimtoa Pwani akiwa mwari, na tangu siku hiyo hakuwa ameisamehe Nakuru kwa baridi yake. Paka alikuwa wake. Alimlaza miguuni, na alikuwa akisema kwamba katika mji huu ni wawili tu wanaompasha joto, paka na jiko la makaa, na jiko halina shukrani.

Vitoto vya paka havikukaa sana kabla viroboto hawajaenea. Sijui walitoka wapi wote. Walianza sandukuni, wakaingia kwenye mikeka, wakapanda vitandani. Ukisimama chumbani na miguu mitupu unawaona wanaruka kama mbegu za ufuta kwenye kikaango. Baba akimpima mteja kifua, mkono mmoja umeshika futi, wa pili unajikuna mbavu. Mimi nilikuwa na madoa mekundu kuanzia kifundo cha mguu hadi gotini, na mimi ndiye niliyekuwa nachumbiwa.

Basi ndipo habari ilipofika kwamba mama mkwe anakuja.

Mchumba wangu alikuwa karani wa ghala la nafaka pale mjini, kijana mpole, mrefu, aliyekuwa akipita kwa Baba kushona suruali ambazo hazikuwa zimechanika. Mama yake alikaa Kisumu. Alitaka kuja kuwaona watu ambao mwanawe anataka kuoa kwao, jambo la haki kabisa. Kwa kawaida angefikia kwa kaka yake, lakini huyo kaka alikuwa amehamishiwa Eldoret na nyumba yake imefungwa, na mchumba wangu mwenyewe alilala chumba kimoja na makarani wenzake. Mama akapendekeza tumwombee chumba kwa jamaa. Bibi hakutaka kusikia.

"Mgeni wetu alale kwa watu? Watu watasemaje? Atalala hapa hapa, kitanda changu."

"Na viroboto je, mama?" Mama akauliza.

"Viroboto wataondoka."

"Kwa amri ya nani?"

Jioni hiyo Baba alirudi na kopo la bati lenye dawa ya unga. Wakati ule dawa hizo zilikuwa ndiyo kwanza zimevuma. Ukinyunyizia chumba, mende wanageuka miguu juu. Baba aliliweka mezani kwa fahari. Bibi akaliangalia bila kuligusa.

"Hii ndiyo ile aliyonyunyizia jirani?"

"Ndiyo. Na hana hata mende mmoja."

"Hana hata kuku mmoja pia. Walidonoa wale mende, wakafa wote. Paka hujiramba, mwanangu. Kila anachokanyaga kinaishia tumboni mwake. Na vile vitoto vinanyonya. Rudisha."

"Mama, mgeni anakuja."

"Mgeni atakuja na ataondoka. Mimi nitabaki na paka. Rudisha."

Baba alikuwa mtu mzima mwenye watoto, fundi anayeheshimiwa mtaa mzima. Alilirudisha.

Tukabaki na mikono yetu. Mama, ambaye hakumpenda paka lakini alipenda kazi iliyopangwa vizuri, ndiye aliyeshika usukani. Alihamishia familia ya paka jikoni, kwenye kikapu kilichotandikwa gunia. Kila kitu cha kulalia kikatolewa uani. Magodoro ya sufi tuliyaanika juani, tukayapiga kwa fimbo mpaka mikono ikafa ganzi. Mikeka ilikung'utwa, mashuka yakachemshwa katika karai kubwa. Sakafu ya udongo tuliinyunyizia maji na kuifagia asubuhi na jioni, kila kona, na taka zikatupwa motoni pale pale, maana Mama alisema kiroboto ukimtupa nje tu anarudi kabla yako.

Kisha likaja suala la kumwosha paka. Bibi alisema atamshika yeye kwa sababu wanaelewana. Mimi nilipewa sabuni ya mche na beseni la maji ya vuguvugu. Sitasimulia yote. Ninachoweza kusema ni kwamba paka alipoguswa na maji alimpanda Bibi kama mtu anayepanda mnazi, akafika begani, akaruka hadi juu ya paa la jiko, akatuachia beseni limepinduka. Bibi alikaa chini uani, kanga imelowa, akacheka mpaka akakohoa. Siku iliyofuata tukabadilisha njia. Tulimngoja ashibe, alale mapajani mwa Bibi, nami nikamchana polepole kwa kitana chembamba, kila mara nikikichovya kwenye maji ya sabuni. Viroboto wakazama mmoja mmoja. Paka mwenyewe alikoroma. Vitoto navyo nikavichana hivyo hivyo, na ile ikawa kazi yangu ya kila alasiri. Naiona hata sasa kuwa kazi tamu kuliko nyingi nilizowahi kufanya.

Majani ya leleshwa, kile kichaka chenye harufu kali inayofukuza wadudu, tuliletewa na mama aliyekuwa akituuzia maziwa. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, na hapakuwa na kwenda vichakani kiholela, lakini yeye njia yake ya kuja mjini ilipita katikati ya leleshwa kila siku. Alituletea mzigo, majani yake ya kijivu kama yamepakwa majivu, akatuambia kwao wanayatandika chini ya ngozi za kulalia. Tukayatandaza chini ya kila godoro na kuyatia ndani ya foronya. Nyumba nzima ikajaa harufu yake.

Bibi aliingia, akasimama mlangoni, akanusa.

"Inanuka kafuri," akasema. "Mmeifanya nyumba inuke maiti."

Ni kweli harufu zinafanana, na kwetu kafuri ilikuwa ya kuwapaka wafu. Lakini Mama alikuwa ameshachoka kupita kiasi.

"Afadhali inuke maiti kuliko kuumwa na walio hai," akajibu. Bibi alikwenda akachuma rihani kwenye makopo yake ya dirishani, akaweka vishada katikati ya leleshwa, ili harufu ipate adabu kidogo.

Baba naye hakukubali kushindwa moja kwa moja. Alikuwa na mteja aliyefanya kazi machimboni Kariandusi, kule njia ya Gilgil, wanakochimba ule udongo mweupe mwepesi kama unga wa ngano. Huyo mteja alimwambia wao huunyunyizia katika viota vya kuku na kwenye magunia ya mahindi, na wadudu hukauka. Baba akaja na mfuko. Bibi alipoona unga mweupe mwingine akasimama.

"Umeirudisha kwa mlango huu ukaileta kwa ule?"

"Mama, huu ni udongo. Udongo tu."

"Lamba."

"Nini?"

"Kama ni udongo tu, lamba. Paka atalamba, basi lamba wewe kwanza."

Mimi na Mama tulijifanya tunakunja nguo. Baba alichovya kidole, akalamba, akabaki ulimi nje, mweupe pe, akimtazama mama yake. Bibi alimwangalia mpaka akaridhika kwamba haanguki. Kisha akachukua mfuko na kuanza kunyunyiza mwenyewe, taratibu, kwenye nyufa za ukuta na chini ya mikeka, huku amejifunga kanga puani na kutuonya tusitimue vumbi.

Siku ya mgeni ilipofika, nilisimama katikati ya chumba na miguu mitupu na hakikuruka kitu. Madoa yangu yalikuwa yamefifia. Tulimpokea stesheni mimi, Mama na mchumba wangu, ambaye aliangalia viatu vyake njia nzima. Mama mkwe alikuwa mnene, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti nzito iliyofanya kila asemalo lionekane limeamuliwa. Alikuwa na kikapu kimoja na blanketi kubwa jekundu lililoviringishwa na kufungwa kamba. Nikamwamkia, akaniitikia, akanitazama juu mpaka chini.

Tukafika nyumbani. Bibi yuko mlangoni na kanga mpya. Mama mkwe akavuka kizingiti, akanusa, akasimama. Uso wake ukabadilika. Akamshika Bibi mikono yote miwili.

"Poleni sana, ndugu zangu. Hamkuniambia. Ni nani aliyetutoka?"

Baba akakohoa. Bibi ndiye aliyejikaza.

"Wametutoka viroboto," akasema. "Wengi mno. Karibu ndani."

Mama mkwe alimtazama, kisha akatutazama sote, midomo ikaanza kumtetema. Alicheka hadi akajishikilia kwenye ukuta, na chokaa ikamchafua bega. Nikajua hapo kwamba huyu ni mtu ninayeweza kuishi naye.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Asubuhi ya pili nilipokwenda kutandika kitanda chake niliona kitu kinatembea kwenye shuka jeupe. Hakuwa kiroboto. Alikuwa bapa, mwekundu, hana haraka. Kunguni. Nikamwita Mama kwa ishara. Tukafunua, tukaona mwingine kwenye kamba za kitanda, na mwingine.

Mama alikaa kwenye ukingo wa sanduku. "Kazi yote ile," akanong'ona. "Tumefukuza wa paka, tukawasahau hawa. Sasa amelala nao. Tutamwambia nini?"

Tulikuwa bado tunashauriana wakati mama mkwe alipoingia kuchukua kanga yake. Akatuona, akaona shuka, akaona kunguni. Akafunga mlango nyuma yake.

"Mmewaona," akasema, na ile sauti nzito ikawa ndogo kabisa. "Mimi usiku kucha naomba Mungu msiwaone. Dada, hawa si wenu. Hawa ni wangu."

"Wako?"

"Niliambiwa Nakuru ni baridi ya kuua. Mimi blanketi zito sina, Kisumu la nini? Nikaazima kwa jirani. Kumbe ameniazima na wenyeji wake. Nimekuja kuwakagua watu wasafi, nikawaletea kunguni nyumbani!" Akafunika uso kwa kanga.

Mama, ambaye muda mfupi kabla alikuwa karibu kulia, akainuka kama amezaliwa upya. Sijapata kumwona mtu amefurahi hivyo kwa sababu ya kunguni. Akamshika mama mkwe mkono. "Dada, usiseme hivyo. Kunguni hana kwao. Binti, weka maji jikoni, sufuria zote."

Siku hiyo hapakuwa na mgeni wala mwenyeji. Mama mkwe alijifunga kanga kiunoni, tukatoa kitanda uani, tukamwagia kamba maji yanayotokota, fundo kwa fundo. Blanketi tulilichemsha katika karai, tukalianika, na lilipokauka tukalining'iniza juu ya moshi wa leleshwa, mbali na jiko, kwa kuwa Bibi hakutaka vitoto vya paka vivute moshi. Tulipokirudisha kitanda ndani, miguu yake tukaisimamisha katika makopo yenye maji ili kunguni wasipande tena. Mama alitaka kutia mafuta ya taa juu kidogo. Mama mkwe ndiye aliyemzuia.

"Paka akija kunywa humo? Tia majivu tu, yatatosha."

Bibi aliyasikia hayo kutoka barazani. Alikuwa amekaa akichambua mchele, na hakuinua kichwa, lakini alasiri aliniita kando.

"Waambie wapange siku ya arusi," akasema. "Huyu mwanamke ana imani."

Mama mkwe alikaa kwetu zaidi ya alivyokuwa amekusudia. Usiku alilala vizuri, mchana alizungumza na Bibi habari za watu ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuwafahamu. Alipoondoka alibeba kitoto kimoja cha paka kikapuni, kimefunikwa kanga, kichwa kikichungulia, na abiria wengine wakimpisha nafasi. Siku ile stesheni ndipo aliponiita mwanangu mara ya kwanza. Mchumba wangu akasikia, akaniangalia usoni badala ya viatu, na treni ikaanza kuondoka.

Tulioana baada ya Ramadhani, wakati wa mvua, na matope ya Bondeni yaliingia hadi chini ya mkeka wa bibi arusi. Nilivaa gauni alilonishonea Baba, nikacheka karibu siku nzima kila macho yangu yalipokutana na ya mama mkwe, jambo ambalo bibi arusi wa siku hizo hakutakiwa kulifanya.