Pilau ya Mnunuzi wa Gari

Juzi mfanyakazi mwenzangu kaniletea simu yake nitazame tangazo: gari la Kiingereza la zamani linauzwa, refu la pua, rimu za spoku, paa la turubai la kukunja. Akaniuliza kama si zuri. Nikamwambia ni zuri, kisha nikaenda msalani kulia. Ndiyo, ndugu yangu, mtu mzima mimi, kwa sababu ya gari.

Gari kama lile nililijua Chamazi, enzi hizo mikorosho ikiwa mingi kuliko nyumba. Lilikuwa la mzee jirani yetu, aliyewahi kuwa dereva wa Mwingereza mmoja. Bosi alipoondoka nchini akamwachia. Kila asubuhi mzee alilifuta vumbi kwa kanga kuukuu ya mkewe. Watoto tuliruhusiwa kuketi ndani baada ya kunawa miguu, na viti vya ngozi vilinukia mafuta ya nazi, maana ndiyo aliyovipaka visipasuke.

Kisha mkewe akaanza kuona ukungu. Huyu bibi ndiye aliyetugawia vitumbua vilivyoungua ukingoni, na siku tulipomwona anamimina uji nje ya kikombe, tulicheka. Daktari akasema ni presha ya macho, afanyiwe upasuaji mapema, kwani uoni ukishapotea haurudi. Mzee akatangaza kuwa analiuza gari. Mtaa mzima ulijua: gari litoke, macho yabaki.

Wateja walikuja mmojammoja, wakatazama, wakaenda zao. Lakini kila aliyesema atakuja alipikiwa pilau, maana kwa watu wale wa pwani mgeni haondoki na njaa, na sisi watoto tuligombea ukoko. Halafu ikapita miezi bila mteja, bila ukoko. Kwetu, watu wa bara, ilikuwa ugali na mchicha tangu Jumatatu mpaka Jumatatu. Nikaamua kuleta mteja wangu mwenyewe. Nikamwamkia mzee shikamoo, nikamwambia kuna Mwingereza kapita shuleni, kauliza habari za gari, atakuja Jumamosi kulinunua. Hakuniuliza mara mbili. Alinishukuru kama anavyoshukuriwa mtu mzima.

Jumamosi akavaa kanzu na koti. Tulimsaidia kuosha gari mpaka rimu zikang'aa, huku bibi anapika kwa mazoea ya mikono, iliki na mdalasini vinatutesa pua. Saa nne akatokea bwana mmoja kutoka mjini, hakuna aliyemtarajia. Akalizunguka gari, akafungua boneti, akalisikiliza likiunguruma, akasema analichukua hapohapo, pesa anazo kwenye mkoba.

"Gari limeshapata mtu, bwana," mzee akasema. "Yuko njiani. Nikikuuzia wewe, nitakuwa nimemdhulumu."

Yule bwana akabembeleza, akacheka, mwisho akakasirika. Hata chakula alikataa. Mzee akamsindikiza hadi barabarani akimwomba radhi, nami nimesimama na sahani tupu mkononi. Neno langu moja lingetosha. Nilijua. Nilijua pia kwamba nikilisema, pilau haitapakuliwa, na badala yake nitakula fimbo. Nikarudi jikoni na sahani yangu.

Tulimngoja Mwingereza mpaka alasiri. Bibi akasema basi chakula kisiharibike, watoto wale. Siku hiyo hatukupewa ukoko, tulipewa sinia zima, na nyama zake. Nisikudanganye: ilikuwa tamu, nikaongeza mara mbili.

Bwana wa mjini hakurudi. Masika ilipoisha bibi alikuwa haoni hata jua. Gari lilikaa likaoza, mwishowe likachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu, na hakuna aliyethubutu kumwambia bibi. Leo pale pamejengwa fremu za maduka, na sijui ni nani siku hizi atakayemkatalia mtu mwenye pesa mkononi kwa ajili ya ahadi aliyompa asiyemjua. Watu wa namna ile wamekwisha, na mmoja wao nilimmaliza mimi.

Bibi aliishi miaka mingi baadaye. Kila nilipopita kibarazani kwake alinitambua kwa mwendo.

"Mjukuu wangu, wewe una macho mazuri," alikuwa akiniambia. "Hebu kaniangalizie barabarani, yule mgeni wetu haji?"

Nami nilikwenda kweli hadi barabarani, nikasimama kidogo, nikarudi.

"Bado, bibi," nikamwambia. "Lakini atakuja."